Mbwa Wako Asiingie Dukani kwa Jirani



Mwezi huu nimeiweka kando ile mada niliyowaahidi, ya homa za watoto wakati wa masika, kwa sababu ya barua moja iliyonifikia kutoka Kisarawe. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne, mwimbaji wa kwaya, na jina lake nalificha kama alivyoomba. Anaeleza kuwa ana mbwa mdogo mweupe, mpole sana, ambaye amemlea tangu hajafumbua macho. Mbwa huyo humfuata kila aendako: kisimani, shambani, hata kanisani hulala chini ya dirisha mpaka ibada iishe. Tatizo ni dukani. Mwenye duka wa mtaani kwao, ambaye ni Mwislamu, alimwambia mbele ya wateja wengine, "Mama, ukija na huyo usiingie." Mama yule aliumia sana. Anauliza: je, hiyo si chuki ya dini? Na sisi Wakristo, ambao imani yetu haitukatazi kumgusa mbwa, kwa nini tufukuzwe dukani kwa ajili ya imani ya mtu mwingine? Mwishoni ameongeza kwamba mdogo wake anaishi Ulaya, na humtumia picha za watu walioingia madukani na mbwa wao, wengine wamewakumbatia kifuani kama watoto wachanga.

Barua hii nimeisoma mara tatu. Ningependa kuijibu kama muuguzi anayejua mambo, lakini swali hili lilikwisha kunikuta mimi mwenyewe nyumbani kwangu hapa Kibaha, na kwa kweli sikulijibu vizuri. Kwa hiyo nitaanza na langu.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, mwaka 2017. Tulikuwa na mbwa aitwaye Popi, mbwa wa kienyeji kabisa, rangi ya udongo, mkia umepinda kama mundu. Tulimchukua kwa ajili ya ulinzi baada ya vibaka kutuibia kuku. Jirani na kwetu kuna duka la mzee mmoja wa Kipemba ambaye mtaa mzima tunamwita Ami. Kwa miaka mingi duka lake lilikuwa kama maduka yetu mengi yalivyo: dirisha lenye nondo, mteja husimama barazani, hutaja anachotaka, hupenyeza fedha na kupokea robo yake ya sukari. Katika duka la namna hiyo suala la mbwa kuingia halipo, kwa maana hata binadamu haingii. Mbwa, mbuzi na watoto wote hukaa barazani. Lakini mwaka ule Ami alikuwa amebomoa ukuta wa mbele, akaweka mlango mpana na rafu, ili wateja waingie na kuchagua wenyewe kama wanavyofanya kule Maili Moja kwenye maduka ya barabarani. Magunia ya mchele na maharage aliyapanga chini, midomo imekunjwa wazi. Karibu na mlango aliweka beseni la dagaa.

Nilimtuma kitinda mimba wangu, wakati ule ana miaka minane, akanunue sukari. Popi akamfuata, kama alivyomfuata siku zote. Mimi nilimwona akitoka na sikusema kitu. Naomba mlikumbuke jambo hilo.

Mtoto aliingia dukani, na Popi akaingia nyuma yake. Harufu ya dagaa ilimshinda, akatia mdomo kwenye beseni. Ami alipiga kelele, akachukua jiwe la mizani la kilo moja akamtupia, likampata kiunoni. Sasa mwanamke mwenzangu, fikiria mbwa aliyepigwa, amebanwa kati ya gunia na ukuta, na mlangoni amesimama msichana wa miaka sita aliyetumwa chumvi na nyanya yake. Popi alitaka kutoka. Njia ilikuwa moja tu. Alimng'ata yule mtoto kwenye shavu la mguu, akapita, akakimbilia nyumbani.

Niliposikia mayowe nilikwenda mbio, kanga moja kifuani. Nilitegemea kukuta ugomvi. Nikamkuta Ami amechuchumaa nje penye bomba, amempakata yule mtoto, amekata kipande cha sabuni ya mche iliyokuwa ingali mpya rafuni, naye anaosha lile jeraha. Anasugua taratibu, anamwaga maji, anapaka sabuni tena. Bibi wa mtoto alikuwa amefika na chupa ya mafuta ya taa, na mama mwingine alikuwa akisema lipakwe pilipili. Ami hakuwasikiliza. Aliniona akaniuliza, "Nesi, dakika ngapi?" Nikamwambia kumi na tano. Akasema, "Basi wewe tazama saa."

Ndipo nikafahamu kwamba anajua anachofanya kuliko watu wote tuliokuwa pale, na sababu yake alikuja kunieleza baadaye. Mwaka 2016 kichaa cha mbwa kilikuwa kimeingia tena kisiwani Pemba, na ndugu zake walikuwa wakimpigia simu wakizungumzia habari hiyo.

Kuna jambo jingine nililolifikiri usiku ule. Waislamu wa pwani yetu wengi wao hufuata madhehebu ya Shafi, na katika mafundisho yao mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, na mojawapo ya mara hizo ni kwa udongo. Jioni ile nilimwona Ami nyuma ya duka lake akiliosha lile beseni hivyo hivyo, na dagaa wote alikuwa amewamwaga. Mtu ambaye dini yake inamfundisha hivyo alikuwa na mate ya mbwa wangu mikononi mwake kwa robo saa nzima, kwa ajili ya mtoto ambaye si wake wala si wa dini yake. Mama wa Kisarawe, umeniuliza juu ya chuki ya dini. Sijui moyo wa mwenye duka wenu. Ninachojua ni hiki nilichokiona.

Tulipanda bodaboda mpaka hospitali, mimi, bibi na mtoto katikati. Muuguzi aliyetupokea ni mtu ninayefahamiana naye. Alimtazama mtoto, akalitazama jeraha, akalisifia lilivyosafishwa. Kisha akauliza swali ambalo mimi mwenyewe nimewauliza watu mara nyingi sana: "Mbwa ni wa nani, na ana chanjo?"

Mbwa alikuwa wangu. Chanjo yake ya mwisho ilikuwa imepita miaka miwili.

Wapendwa, nataka mwelewe aibu hiyo ilivyokuwa. Hapa Kibaha ipo taasisi ya serikali inayotengeneza chanjo za mifugo, ambayo hutoa chanjo ya mdondo, ule ugonjwa wa kuku ambao wengine huuita kideri, na nyingine za mifugo kama ile ya kimeta. Mimi kuku wangu sikuwahi kuwakosesha chanjo ya mdondo. Nilikuwa na daftari, tarehe nimeziandika kwa kalamu nyekundu. Kuku hutaga, mayai huuzwa, ada hulipwa. Mbwa halipi ada. Mbwa hula ukoko na kubweka usiku, na kila mwaka nilisema nitampeleka, ukapita. Nafikiri nyumba nyingi ni hivyo hivyo. Mnyama anayeweza kuua mtoto hana chanjo, na mnyama anayetupatia mayai anayo.

Sasa nieleze kidogo ugonjwa wenyewe, maana hapa ndipo jibu la barua linapoanzia. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini kwa njia ya kung'atwa, au kukwaruzwa, au mate yakigusa kidonda kibichi, macho au mdomo. Kutoka hapo virusi husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Mara nyingi safari hiyo huchukua kati ya mwezi mmoja na mitatu. Yaweza kuwa wiki moja tu, na yaweza kupita mwaka. Katika muda huo wote mtu haumwi kitu, kidonda kimepona, na watu wamesahau. Lakini dalili zikishaanza, yaani homa, kuwashwa penye kovu, kuogopa maji, kuweweseka, basi karibu hakuna anayepona. Nimewahi kumuuguza mgonjwa mmoja wa namna hiyo nilipokuwa kijana kazini. Sitaeleza zaidi.

Duniani watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Kwa nchi yetu, makadirio yaliyotolewa mwaka 2002 yalitaja vifo kama 1,500 kwa mwaka. Watoto ndio huumwa zaidi, kwa sababu ni wafupi, huchezea mbwa, na hutumwa dukani.

Na hili ndilo ninalotaka wewe mwenye mbwa mpole ulisikie: mbwa aliyeambukizwa huanza kutoa virusi katika mate siku chache kabla hajaonyesha dalili yoyote. Siku hizo anatikisa mkia, anakula, anakufuata kwenye kwaya. Upole wake hauthibitishi kitu. Kinachothibitisha ni kadi ya chanjo. Tena, hata mbwa mzima kabisa akiingia mahali pembamba penye watu, vyakula na kelele, yaweza kumtokea kama ilivyomtokea Popi. Popi alikuwa mpole, hajapata kumng'ata mtu kabla ya siku ile. Alipigwa jiwe mahali pasipo na pa kutokea.

Yule msichana alichomwa sindano siku ile ile, na nyingine siku zilizofuata kwa ratiba aliyopewa. Bibi yake aliogopa mno, akidhani ni zile sindano za zamani za tumboni, kumi na nne au zaidi. Chanjo za namna ile Shirika la Afya Duniani lilianza kushauri ziachwe tangu mwaka 1984. Siku hizi huchomwa mkononi na ni chache. Gharama yake ndiyo kilio, maana mara nyingi aliyeumwa hulipa mwenyewe. Nililipa mimi. Ilikuwa zamu yangu ya kupokea mchezo wa akina mama, na fedha yote niliyokuwa nimekusudia kununulia mabati ikaishia pale. Sikunung'unika. Nilinung'unika kidogo.

Kisha zikaja siku kumi. Watu wa mtaani walitaka Popi auawe jioni ile ile, na mjumbe alikuja na vijana wawili na marungu. Niliwasihi wamwache afungwe, na nikawaeleza sababu, ambayo nawaeleza na ninyi. Mbwa aliyeng'ata mtu, ikiwa anaweza kufungwa bila hatari, afungwe na kutazamwa siku kumi na daktari wa mifugo. Akibaki mzima siku zote kumi, ni hakika kwamba siku aliyong'ata hakuwa na virusi katika mate. Akiugua au akifa, tunajua pia. Ukimuua na kumtupa porini, umeitupa habari yenyewe. Ila sindano za aliyeumwa hazingoji siku hizo kumi. Zinaanza mara moja.

Tulimfunga Popi kwenye mwembe kwa mnyororo, watoto wakakatazwa kumkaribia, chakula nikimsukumia kwa fimbo. Kila asubuhi niliamka kabla ya adhana na kabla ya kengele, nikatoka na tochi kumtazama. Je, amekunywa maji? Je, sauti yake imebadilika? Taya limelegea? Anadondosha mate? Mimi ambaye nimekesha na wagonjwa wengi sikuwahi kukesha hivyo. Nilipokwenda kazini nilikuwa namwona yule mtoto katika kila mtoto. Bibi yake hakunisalimu kanisani Jumapili ile, na sikumlaumu. Jumapili ya pili nilisimama katika jumuiya yetu nikasema wazi kwamba mbwa alikuwa wangu na kosa lilikuwa langu. Siku ya tano Popi hakula. Sitaisahau siku ile. Jioni nikagundua kuwa mtoto wangu alikuwa amemtupia mifupa mchana, ameshiba.

Siku ya kumi na moja daktari wa mifugo alikuja, akamkagua, akamchanja. Mtoto yu mzima, sasa ni msichana mkubwa wa sekondari. Ana kovu.

Baada ya hayo yote nilimwendea Ami. Nilikwenda nimejiandaa kusema kwamba na yeye asingetupa jiwe, kwani jiwe ndilo lililosababisha mbwa ang'ate. Ni kweli, na tangu mwaka 2008 tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama inayokataza kuwatesa. Lakini nilipomwamkia, "Shikamoo Ami," na yeye akaitika, "Marahaba, mwanangu," maneno hayo yalinikauka. Yeye ndiye aliyeanza. Akasema alitupa jiwe kwa hasira ya dagaa, na kwamba usiku kucha alikuwa akimwona yule mtoto. Kisha akaniambia jambo lililonifundisha. Akasema, "Mimi siwachukii mbwa. Hata kwetu mbwa wa ulinzi anaruhusiwa. Lakini mwanao akiingia na mbwa dukani kwangu, mimi nifanye nini? Nikimwachia, wateja wangu hawanunui tena mchele wangu. Nikimfukuza, ananing'ata. Wewe mwenye mbwa ndiye mwenye njia, mimi sina."

Hilo, mama wa Kisarawe, ndilo jibu langu kwako. Mbwa asiingie dukani. Na kazi ya kumzuia si ya mwenye duka, wala ya mtoto aliyetumwa. Ni yako. Mwenye duka wenu alikuonya kwa mdomo, hakutupa jiwe. Ungalimshukuru.

Najua utaniambia ya Mathayo sura ya 15, habari za yule mama Mkanaani na mbwa walao makombo. Akina mama wengine wamenitajia. Nami hujibu kwamba mbwa wale walikuwa chini ya meza ya bwana zao wenyewe. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba walikwenda chini ya meza ya jirani. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho, katika sura ya 8 ya waraka wa kwanza, alizungumzia vyakula ambavyo yeye mwenyewe hakuona ubaya kuvila, lakini alikuwa tayari kuviacha kwa ajili ya dhamiri ya mwenzake. Paulo alisema hayo juu ya ndugu wa imani moja. Mimi naona kwa jirani wa imani nyingine yanatufaa vile vile, hasa sisi tunaoishi Pwani, ambako tunazikana, tunaazimana masufuria, na mtoto wa Mwislamu akiachwa mpweke hulelewa kwetu, na wa kwetu kwao.

Kuhusu hizo picha za Ulaya. Ni kweli kwamba katika nchi kadhaa za huko mwenye duka akitaka huruhusu mbwa waingie, na asipotaka huweka kibao mlangoni. Lakini tusilinganishe visivyolingana. Uingereza, kwa mfano, ilikwisha kumaliza kichaa cha mbwa kwa mbwa wake mwaka 1922. Mtu wa London anapobishana na mwenye duka juu ya mbwa, wanabishana juu ya manyoya na adabu. Sisi tunapobishana juu ya jambo hilo hilo, katikati yetu amesimama mtoto wa miaka sita. Wako pia mbwa wa kazi, waliofundishwa kuwaongoza wasioona. Huko Marekani sheria ya mwaka 1990 ya watu wenye ulemavu inamlazimu mwenye duka kuwapokea mbwa hao, kwa kuwa ni macho ya mtu. Hapa kwetu asiyeona huongozwa na mjukuu aliyeshika ncha ya fimbo. Akitokea siku moja mtu mwenye mbwa wa namna hiyo, mimi ningewaomba wenye maduka wampishe, na Mwislamu amwelekeze mahali pa kusimama ahudumiwe kwa heshima. Mbwa wako na Popi wangu si wa kundi hilo. Hakuna aliyewafundisha kitu isipokuwa njaa.

Na kwa kuwa nimetaja njaa, kuna duka moja ambalo mbwa wetu wanalijua kuliko yote, nalo ni bucha. Nilipokuja Kisarawe kwa semina ya akina mama nilikaa kivulini nikisubiri gari, mbele ya bucha. Niliwahesabu mbwa tisa. Wanne walikuwa wamelala mlangoni kabisa, na mmoja alikuwa ndani, kichwa chake chini ya meza ya kukatia. Mwenye bucha alikata nyama, akatupa kipande cha mafuta chini, mbwa akadaka. Wateja walimruka. Hakuna aliyesema kitu! Duka la sukari tunagombana, lakini bucha, mahali panapouzwa chakula ambacho mbwa anakitaka kuliko vyote, tumezoea. Mwenye bucha anayetupa mabaki chini anawaita mbwa kila siku kwa saa ile ile, halafu anashangaa wakija.

Isitoshe, mabaki mabichi yana hatari yake. Maini na mapafu ya mbuzi, kondoo na ng'ombe yakiwa na vifuko vya maji, mara nyingi ni mabuu ya tegu mdogo ambaye hukomaa tumboni mwa mbwa. Mbwa hutoa mayai yake kwenye kinyesi, mayai hushika kwenye manyoya na pua, na binadamu akiyala bila kujua, hasa mtoto, huota vifuko hivyo hivyo katika ini lake, vikakua kwa miaka mpaka tumbo likavimba. Huko Turkana, Kenya, ugonjwa huo ulikuwa umeenea sana, na AMREF walifanya kazi kubwa ya kupambana nao katika miaka ya 1980. Wafugaji wale waliishi na mbwa wao karibu sana, wakiwaachia kuramba vyombo na hata watoto wachanga. Kwa hiyo ukiona bucha mbwa yumo ndani, nunua kwingine, na umwambie mwenye bucha sababu. Mabaki yafukiwe, au yachemshwe vizuri kabla mbwa hajapewa.

Sasa utamzuiaje mbwa aliyezoea kukufuata? Kumpiga hakusaidii, atakufuata kwa mbali. Mzoeshe kufungwa kabla hujatoka, si wakati unatoka. Kamba ndefu, kivuli, maji, na kitu cha kutafuna, naye atasahau. Mtoto asitumwe dukani mpaka mbwa amefungwa. Kwetu imekuwa sheria kama ya kunawa mikono. Na kama ni lazima uongozane naye, mwache nje mbali na mlango, mikononi mwa mtu mzima, wala usimfunge penye baraza ambapo watoto wanapita.

Chanjo yake ni mara moja kwa mwaka, kuanzia akiwa na miezi mitatu. Muulize afisa mifugo wa kata yako lini wanachanja. Mahali pengi kampeni hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kati ya mwaka 2010 na 2015 mkoa wetu wa Pwani ulikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kuchanja mbwa uliohusisha wilaya 28 za kusini mashariki mwa nchi pamoja na Pemba, na wengi wetu tulipeleka mbwa wetu kwa sababu gari lilikuja mtaani na kipaza sauti. Gari lilipoacha kuja, tuliacha na sisi. Wataalamu wanasema mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia. Pemba, ambako karibu watu wote ni Waislamu, walichanja mbwa mpaka ugonjwa ukatoweka mwaka 2014. Ulipoingia tena mwaka 2016 wakachanja tena, na mwaka 2018 ukawa umekwisha. Hawakungoja kuwapenda mbwa ndipo wawachanje.

Mtu aking'atwa, sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano kwa saa, si kwa kukisia. Hapana mafuta ya taa, hapana pilipili, hapana unga wa betri, wala msikifunge kidonda kwa nguvu. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo, hata kama mbwa ni wa mchungaji.

Mama wa Kisarawe, kesho mfunge mbwa wako, uende dukani peke yako. Usiende kueleza haki zako. Msalimie yule mwenye duka, nunua sabuni ya mche, umwambie umesikia aliyokuambia. Homa za watoto nitaziandika mwezi ujao, Mungu akipenda. Na ukishapata kadi ya chanjo ya mbwa wako, niandikie tena. Hukunitajia jina lake.